Ziwa la Mbeyu

Mwanarehema alikuwa mtu wa kinyaa, na mtaa mzima wa Shika Adabu ulijua. Ukimwendea kukodi masufuria ya harusi au ya hitima, kabla hujataja siku alikuinamishia sufuria utazame ndani, kisha akakwambia kwamba hivyo unavyoiona ndivyo atakavyoipokea. Watu waliitikia, wengine wakaapa kabisa, na shughuli ikiisha wakamrudishia masufuria yenye ukoko wa pilau na mafuta yaliyoganda, na mara nyingine mfupa wa mbuzi uliosahauliwa chini. Hapo alitema mate pembeni, akajifunga kanga puani, akaketi uani na jivu na makumbi ya nazi, akasugua huku akiwataja wenye shughuli mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Hata bwana harusi, ambaye maskini hakujua sufuria imepita wapi, alipata fungu lake.

Biashara hiyo, pamoja na nyumba, aliirithi kwa mamake, marehemu Mbeyu. Mumewe, Rashid, alikuwa Jeddah. Aliondoka mwaka wa themanini na tano kwa ahadi ya kurudi kila mkataba ukiisha, na mwaka wa themanini na tisa ulipoingia hakuwa amekanyaga Likoni hata mara moja. Pesa alimtumia mamake, Bi. Mwanasaumu, aliyekaa nyumba ya pili. Mkewe alimtumia chupa za manukato, kwa kuwa alisema yeye ni msimamizi wa ghala la duka kubwa la udi na mafuta mazuri. Mwanarehema alizipanga kabatini, nyumba ikanukia kama ya mwari. Yeye mwenyewe hakujitia hata tone, maana hakuwa na wa kujitilia.

Hakuwa na mtoto. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, wala si manukato wala pesa. Alikuwa amevuka miaka thelathini na mitatu, na kila alipopeleka masufuria kwenye arubaini ya mtoto wa watu, kina mama walimwangalia tumboni kwanza ndipo wakamwangalia usoni. Mmoja wao, mwanamke asiye na haya hata chembe, alimuuliza mbele ya wageni kama Rashid humtumia watoto kwa posta. Mwanarehema alicheka na wenzake, akarudi nyumbani akalia kwa hasira. Akaamua kwamba kama Rashid haji, yeye atamfuata.

Rashid alipiga simu Ijumaa ya mwisho ya mwezi, dukani kwa Gershom, Mrabai aliyeuza dawa karibu na soko na ambaye alikuwa na simu inayofanya kazi. Mara ya kwanza Mwanarehema alipomtajia safari, Rashid alisema ndege ni ghali, wanaopanda ni matajiri. Alidhani maneno yameishia hapo. Hakujua ameoa mtu gani, masikini.

Mwanarehema aliulizia kila mahali. Akajua kwamba msimu wa hija ukishapita watu wa Umra husafiri kwa bei ya chini, hasa wakienda kwa kundi. Akajua kwamba ipo ndege inayoshuka Khartoum na kulaza abiria kwenye viti vya uwanja, na kwamba nauli yake ni nafuu kwa sababu wenye mgongo mwororo hawaitaki. Akaingia kwenye mchezo wa upatu wa wanawake wa Shelly Beach, wale wanaofua shuka za hoteli, akaomba zamu yake iwe ya mwisho ili asishawishike kuitumia mapema. Zamu hiyo ilipofika, akamwambia Rashid katika Ijumaa ya simu kwamba nauli amepata.

Rashid akasema hakuna pa kulala, wao wanaishi wanaume watupu. Mwanarehema akavuka maji mpaka Kisauni, akamtafuta mama mmoja ambaye binti yake ameolewa Jeddah, akapewa chumba bure kwa ahadi ya kumpelekea binti huyo unga wa hina, achari ya embe na doti za kanga. Rashid akasema chakula cha kule kinakula mshahara wa mtu. Mwanarehema akaanza kukausha nyama na kuoka mikate ya mofa ya majaribio, akiiweka wiki nzima kuona itaota ukungu siku gani. Kila Rashid alichokiita ghali, mkewe alikipunguza mpaka kikakosa jina. Mwanamke mwingine angelijiuliza mapema kwa nini mume anahesabu vikwazo kuliko siku. Yeye alidhani mumewe anamhurumia.

Basi akaenda kwa Mwidani, wakala wa safari aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa kule kwenye feri. Mwidani alitafuna tambuu, na alikuwa na kopo la kutemea chini ya meza ambalo hakulilenga vizuri. Mwanarehema aliketi ncha ya kiti, buibui amelikusanya mapajani lisiguse sakafu. Mwidani akamsifu kwa kila alilopanga, kisha akasema limebaki moja tu. Mwanamke wa umri wake hapewi viza ya Umra bila maharimu, yaani mume, au baba, au ndugu ambaye hawezi kumuoa, asafiri naye. Mume yuko huko huko, baba ameshakufa, ndugu wa kuzaliwa hana. Lakini asijali. Upo mzee mmoja wa Kisauni, mjane, anakwenda na kundi hilo, naye yuko radhi aandikwe kuwa mumewe.

Mwanarehema alidhani hakusikia vizuri. Mwidani akarudia, akaongeza kwamba wanawake wengi wamepita njia hiyo na mzee hana matata, na kwamba akitaka anaweza kuja kumwona kwanza. Akacheka, na tambuu likamchuruzika kidevuni. Yaani ili amfikie mume wake wa halali aingie nyumba ya Mungu kwa jina la mke wa mwanamume mwingine! Mwanarehema aliinuka, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maharimu anaye wake mwenyewe, ndugu wa ziwa, na kwamba amsubiri.

Ndugu huyo alikuwa Tsuma, aliyemsukumia mkokoteni wa masufuria. Tsuma na Mwanarehema walizaliwa juma moja. Mama wa Tsuma alifariki katika uzazi, na Mbeyu akamchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wake, mmoja kulia na mmoja kushoto, mpaka wote wawili wakaachishwa. Kwa sheria ya dini Tsuma ni ndugu yake kama aliyezaliwa naye tumbo moja, hamuoi, wala dada hamfichii nywele. Alikuwa mtu mpole, hajafika mbali zaidi ya Mtwapa, na alipoambiwa atapanda ndege alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama huko Jeddah atahitaji viatu.

Mwidani, akiwa amenuna kwa kukosa kamisheni ya yule mzee, akasema hilo la ziwa lazima lithibitishwe na kadhi. Na kadhi alipoulizwa akasema atatoa barua akiletewa ushahidi wa wanawake wanne waliomwona Mbeyu akimnyonyesha Tsuma. Hapo ndipo Mwanarehema alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo binti yeyote mwenye adabu angelifanya. Wanawake watatu aliwapata upesi, akiwemo Bi. Dhahabu, mkunga aliyewazalisha nusu ya watu wa Shika Adabu. Wa nne akamwomba mavyaa wake, Bi. Mwanasaumu, kwa sababu ndiye aliyekuwa jirani wa Mbeyu wakati huo, na kwa sababu kumwacha nje ingelikuwa ni kumvunjia heshima.

Walikutana nyumbani kwa Mwanarehema siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Wanawake waliketi jamvini ndani, chai ya tangawizi na kaimati mbele yao, na Maalim Mwinyihaji, imamu wa msikiti wao, aliketi barazani upande wa pili wa pazia ili asikie ushahidi aupeleke kwa kadhi. Bi. Dhahabu alianza. Akaeleza alivyompa Mbeyu kitoto cha Tsuma kikiwa bado kina damu, na Mbeyu hakuuliza ni cha nani. Wawili waliofuata wakasema waliyoyaona. Mwanarehema alimwaga machozi kidogo kwa kumkumbuka mamake, machozi ya raha.

Zamu ikamfikia Bi. Mwanasaumu. Alikuwa hajagusa kaimati hata moja, na hilo peke yake lingeliwashtua, maana alizipenda.

“Hayo ya Tsuma nayashuhudia,” akasema. “Na nikiyashuhudia hayo, sina budi nishuhudie na ya mwanangu, Mungu asije akaniuliza. Rashid alipokuwa mchanga mimi nalishikwa na homa, na Mbeyu akamnyonyesha. Rashid na huyu ni ndugu.”

Bi. Dhahabu akatua kikombe, akamtazama mwenziwe.

“Mwanasaumu, umeila biriani ya harusi yao ukajilamba vidole, miaka kumi hino, na hayo hukuyakumbuka?”

“Nalisahau,” Bi. Mwanasaumu akasema, macho yake kwenye jamvi.

Mwanarehema aliinuka akatoka uani. Kisha akachota maji kisimani akaoga, akaoga tena, akajisugua kwa kumbi la nazi kama anavyosugua sufuria, mikono, shingo, mpaka ngozi ikamuwaka. Kila alipokumbuka usiku mmoja wa ndoa yake mwili ulimsisimka kwa karaha. Alikichukia kitanda chake, akakitoa nje jua lingali juu, na Tsuma alipokuja kumuuliza ana nini hakuweza kumwambia. Alimwambia tu akalete maji mengine.

Kisha akamkumbuka mamake, na hapo hasira ikapata pa kukaa. Mbeyu ndiye aliyepokea posa ya Rashid kwa mikono yake miwili. Mbeyu alijua kila mtoto aliyemnyonyesha, aliwataja kwa majina, aliwaletea nguo za Idi. Je, angelimsahau mmoja, tena huyo wa jirani, akamtia chumbani kwa binti yake? Ama Mbeyu alikuwa mwanamke wa ajabu, ama Bi. Mwanasaumu anasema uongo juu ya maiti.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Alikwenda kwa Gershom, na Gershom, katika kumkaribisha tu, akasema siku hizi mkwe wako naye ni mteja wangu wa simu, juma lililopita Rashid alimtaka yeye, akaongea akiwa amejifunika kanga hadi kichwani. Simu ilipolia Mwanarehema aliishika, akamsalimu mumewe kama kawaida, akasema jana wanawake wamekutana kwa ajili ya barua ya kadhi. Hakuongeza neno.

Rashid hakuuliza wamesema nini. Alivuta pumzi ndefu, akasema ni mambo mazito hayo, yeye mwenyewe ameyauliza kwa mashekhe wa huko, mtoto akinyonya mara tano za kushiba basi sheria haina mchezo, na mama yake anakumbuka zilifika tano. Akasema safari isimame kwanza, watu watulie, akija watalitazama.

Mara tano. Mavyaa wake hakutaja hesabu yoyote pale jamvini. Mwanarehema alisimama na simu sikioni, akamsikia mwanamume aliyelala naye miaka sita akiendelea kumfafanulia jinsi alivyo dada yake, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi. Kinyaa alichokuwa nacho tangu jana, kile cha kujikinai mwenyewe, kilimtoka mwilini chote. Kikahamia kwenye ile simu. Alitamani kuufuta mkono baada ya kuishika, na kweli aliufuta, kwa ncha ya kanga, mbele ya Gershom.

Kabla hajakata akamwomba Rashid apige tena Ijumaa ijayo, Maalim Mwinyihaji anataka kumwamkua. Rashid, kwa kuwa mambo yamemwendea vizuri, akakubali.

Kadhi alimsikiliza Mwanarehema mpaka mwisho, akavua miwani. Akamweleza kwamba neno la mwanamke mmoja, tena mama wa mume, halivunji ndoa, na akitaka anaweza kwenda zake na kulisahau. Lakini mume mwenyewe akikiri mbele ya wanaume wawili waadilifu kwamba mkewe ni nduguye wa ziwa, ndoa imekwisha papo hapo. Hakuna talaka wala kurejeana, na mke haulizwi. Akamuuliza kama ameelewa uzito wake.

“Nimeelewa,” akasema Mwanarehema. “Naomba aulizwe tu. Akikana, wallahi nitapanda ndege niende kwake, na hili sitalitaja maisha.”

Na alikuwa mkweli. Juma zima hilo aliomba Rashid akane. Alikuwa tayari kumsamehe woga wake, na mama yake, na mashekhe wake wa Jeddah, ili mradi aseme mbele ya watu kwamba Mbeyu hakumnyonyesha. Alitaka mume, alitaka mtoto, na tikiti ilikuwa imeshalipiwa.

Ijumaa hiyo duka la Gershom lilijaa watu walioumwa vichwa kwa ghafla. Maalim Mwinyihaji alikuja na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, na wote wawili walitega sikio kwenye mkono mmoja wa simu, vilemba vyao vikigusana. Bi. Mwanasaumu naye aliitwa, akasimama karibu na mlango. Mwanarehema alisimama kando ya rafu ya dawa za minyoo. Maalim hakuzunguka.

“Rashid, tupo wanaume wawili tunaokusikia. Unakiri kwamba wewe na Mwanarehema mmenyonya ziwa moja?”

Simu ikakoroma. Kisha Rashid akauliza kama mamake yupo hapo. Akaambiwa yupo. Angeliweza kusema la. Ilikuwa ni neno moja, na mke wake wa miaka kumi alikuwa amesimama pale akilisubiri.

“Mama yangu hasemi uongo, Maalim. Nakiri,” Rashid akasema. “Lakini safari ndiyo isimame kwanza. Nikija tutalitazama.”

“Hakuna la kutazama, mwanangu. Kwa kukiri kwako ndoa imekwisha.”

Hapo ndipo yule mjinga alipofahamu alichokifanya. Alitaka kufunga mlango wa safari, akabomoa nyumba. Alianza kupiga kelele kwamba hakukusudia, kwamba apewe mkewe aseme naye. Maalim alimnyooshea Mwanarehema simu, naye hakuipokea. Sauti iliendelea kuita jina lake, nyembamba, mpaka Gershom akaona aibu kwa niaba ya wote akaikata. Bi. Mwanasaumu alikuwa ameshatoka.

Mwanarehema alikaa eda yake yote bila kutoka. Watu walimpa pole wakitazamia alie, na hakulia, aliwauliza lini watarudisha sinia zake. Barua ya Tsuma ilikuwa imetoka, Mwidani akawapangia kundi jingine kwa tikiti ile ile, na eda ilipoisha wakaondoka, dada na ndugu yake wa ziwa, na mikate ya mofa, na viatu vipya vilivyomchubua Tsuma tangu Voi.

Walifanya Umra yao. Kisha wakashuka Jeddah kwa yule binti wa Kisauni, na Mwanarehema akasema anataka kuliona duka la manukato. Mwenyeji wake akajiumauma. Mwishowe mume wa huyo mwenyeji akawapeleka, si kwenye duka, bali nyuma ya soko la mbuzi, kwenye uwanja wa kuchinjia. Rashid alikuwa ndani ya mtaro, amevaa viatu vya mpira, akivuta matumbo na kinyesi kwa reki. Inzi walikuwa wengi kuliko watu. Tsuma aliziba pua.

Mwanarehema hakuziba. Alisugua mafuta na mifupa ya watu tangu utotoni, harufu ile haikuwa ngeni kwake, na moyoni alimhurumia kijana aliyeondoka Likoni na suruali iliyopigwa pasi. Rashid alipomwona aliangusha reki. Alitoka mtaroni akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

“Najua ulivyo na kinyaa,” akasema. “Nalijua ukinikuta hivi hutanitaka. Ndipo nikamwambia mama aseme vile, uchelewe tu, nipate kazi nyingine.”

“Huu ni uchafu wa kazi. Ningekuchotea maji, ukaoga, ukaisha,” Mwanarehema akasema. “Ule uliommwagia mama yangu kaburini nitauosha na nini?”

Mwanarehema akatoa kwenye mkoba chupa ya achari ya embe, aliyoitengeneza kwa ajili yake kabla ya Alhamisi ile, akaiweka juu ya ukuta wa mtaro. Akamwambia, “Kwaheri, kaka,” kwa sauti ile ile aliyomwita nayo Tsuma, kisha akaondoka.

Aliporudi Shika Adabu Bi. Mwanasaumu alimjia uani. Aliuliza kwanza habari za Makkah, kama heshima, kisha akauliza kama amemwona Rashid.

“Nimemwona kaka. Mzima, anakusalimu.”

Bi. Mwanasaumu akaketi kwenye sufuria iliyopinduliwa. Alikuwa amezeeka katika miezi michache, na tangu aliposhuhudia vile hapakuwa na mtu aliyemwita kwenye shughuli. “Si kaka yako yule, mwanangu,” akasema. “Naliambiwa niseme.”

“Najua, mama. Nalijua tangu Ijumaa ya kwanza. Lakini aliyekiri ni mwanao, si wewe.” Akaendelea kusugua, na baada ya kitambo akamwomba ainuke, anaihitaji ile sufuria.

Mwanarehema aliolewa tena na mwashi mmoja wa Timbwani, mjane, mtu asiye na maneno mengi, aliyenawa mikono kabla hajaambiwa. Mwaka wa tisini na mbili, watu wakiwa wamekwisha kukata tamaa kwa niaba yake, akazaa mtoto wa kike akamwita Mbeyu. Mtoto hajatimiza miezi mitatu, jirani mmoja akajifungua akapatwa na kifafa cha uzazi, akalazwa hoi, na kitoto chake kikaletwa kwa Mwanarehema kikilia kwa njaa. Waliokileta walisita mlangoni. Walijua yaliyompata, na wasingelimlaumu kama angelikataa.

Hakukataa. Lakini alifunga kanga yake vizuri kifuani, akamtuma Tsuma akawaite wanawake wa mtaa wote, mlango kwa mlango, na Maalim Mwinyihaji akae barazani. Kitoto kililia muda wote huo. Wanawake walipojaa chumbani alimwita Bi. Mwanasaumu kutoka nyuma alikojibanza, akamkalisha mbele kabisa, magoti yao yakigusana.

“Tazama vizuri, mama,” akamwambia. “Huyu ni mtoto wa nani, umemwona? Na wewe huna homa leo?”

“Sina homa,” Bi. Mwanasaumu akajibu, machozi yakimtiririka.

Ndipo Mwanarehema akafungua kanga, akampa mtoto ziwa.